Faini ya Dume

Binti yangu Eva alidanganya, sitafuti neno jingine. Chuo kilimtuma kupima udongo wa mashamba yote ya kitongoji chetu hapa Daa. Mvua zikamkamata. Akapima ya karibu na barabara, ya bondeni akajitungia namba. Utafiti ukachapishwa, na mradi wa makinga maji ya kuzuia mmomonyoko ukaliruka bonde, kwa sababu Eva aliandika udongo wa kule ni mzima.

Mwanafunzi mwenzake akazishtukia zile namba. Kamati ya chuo ikakaa, Eva akakiri, akasimamishwa miaka miwili na utafiti ukafutwa. Profesa wake, aliyesaini bila kukanyaga huku, akapewa onyo.

Wazee wa kwetu nao wakakaa. Wakatutoza dume la ng'ombe. Nilikuwa na mmoja tu, wa kulimia, nikamtoa. Siku ya kuchinja, Qamara, ambaye shamba lake la bondeni limeliwa na korongo, alimpa Eva kipande cha ini mkononi.

"Kula, profesa. Hili hujalitunga."

Watu wakacheka. Eva akacheka huku analia. Tangu siku ile hakuna jirani aliyemtajia tena kosa lile.

Miaka miwili ikaisha. Mwezi huu Eva aliomba kazi kwenye shirika moja la kilimo Karatu mjini, akaitwa kwenye usaili. Saa sita mchana alikuwa amesharudi, viatu mkononi, tope hadi magotini.

"Wamesemaje?"

"Waliandika jina langu kwenye simu, mama. Tangazo la kufutwa kwa ule utafiti likatokea la kwanza."

"Si umemaliza adhabu? Waambie chuoni walitoe."

"Halitolewi."

"Hata ukiomba radhi?"

"Niliomba. Linabaki ili anayesoma zile namba ajue ni za uongo."

Nilitaka kuwatukana, nikakosa pa kuanzia. Wana haki, korongo la Qamara nimeliona. Lakini hao wasomi, hawana siku ya kula nyama na mkosaji, yakaisha?

"Sasa nifanyeje?" Eva akaniuliza.

"Omba kwingine. Na safari hii waambie mwenyewe, kabla hawajatafuta."

"Watakataa."

"Watakataa. Utaomba kwingine tena."

"Mpaka lini, mama?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia avue hiyo blauzi nzuri niiloweke, ataihitaji.