Kipande Kilichonyanyuliwa

Alikinyanyua. Kwa vidole vitupu, mbele ya wageni wote, mume wa dada yangu alikinyanyua kile kipande cha plastiki ngumu kutoka kwenye bamba nilikokilaza tangu jana yake, akakizungusha hewani kama mnadi sabuni, kisha akakirudisha palepale. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumvuta shati. Ningeweza kusema, "Shemeji, hicho hakinyanyuliwi." Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na naapa sijawahi kumeza kitu kitamu kama kile.

Nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtaniona mchawi.

Katika maabara niliyofanyia kazi tulichunguza jambo ambalo watu hulicheka: kwa nini kitu kilichotulia hukataa kuondoka. Unasukuma kabati mpaka mishipa inakutoka shingoni, wala halijongei. Likishaanza tu, linakwenda. Ile nguvu ya kukataa ndiyo msuguano tuli, na ndiyo iliyonilia ujana wangu. Nilikilaza kipande juu ya bamba, nikaliinamisha bamba polepole kwa kuzungusha mpini wake wa pembeni, nikaangalia kitaachia likiwa limeinama kiasi gani. Siku nyingine kiliachia mapema. Siku nyingine kiling'ang'ania mpaka nikayatilia shaka macho yangu. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wetu, alisema ni vumbi. "Futa vizuri," akaniambia. Nikafuta kwa spiriti na pamba mpaka ngozi ya vidole ikababuka.

Halikuwa vumbi. Ulikuwa muda. Uso wa kitu, hata uwe laini vipi, una vilima vyake visivyoonekana kwa macho. Vikigusana na vya mwenzake na kuachwa, vinalaliana, vinazoeana, vinazidi kushikamana. Kadiri kipande kilivyokaa bila kuguswa ndivyo kilivyokataa kuondoka. Lakini ukikinyanyua, hata kwa kufumba na kufumbua, basi tena, kimeanza upya. Ndiyo maana niliwakataza watu wote kugusa meza yangu, mpaka mfagiaji akaniita Bibi Usiguse.

Nilimweleza shemeji jikoni kwao, huku namsaidia dada kukausha vyombo. Alisikiliza huku anatafuna. "Ndoto hizo, shemeji," akasema, akacheka, na dada naye akacheka kwa kuwa mumewe kacheka.

Haukupita muda mrefu nikajikuta kwenye kiti cha nyuma cha ukumbi uliojaa watafiti, namsikiliza akiisimulia ndoto yangu neno kwa neno, mpaka vile vilima vinavyolaliana. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mwishoni akaninyooshea mkono: "Na nimshukuru shemeji yangu pale nyuma, kwa kunisafishia vifaa."

Kunisafishia vifaa! Ukumbi mzima uligeuka, ukanitazama, ukatabasamu. Nami nikatabasamu, maana ningefanya nini? Nilipomlalamikia dada, alisema, "Mdogo wangu, si kimebaki humuhumu nyumbani? Usinivunjie ndoa kwa ajili ya plastiki." Nikanyamaza. Watu wakadhani nimesamehe. Thubutu! Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hakuna aliyetega sikio.

Basi siku ile wageni walikuja kuamua maabara mpya akabidhiwe nani. Walitaka kuona kwa macho yao, wamechoka na maneno. Shemeji aliniagiza niandae, nami niliandaa kwa uaminifu kabisa. Asije mtu akasema nilichezea kitu. Bamba lilikuwa safi, kipande kimelala usiku kucha. Angekiacha kama kilivyo, maabara ingekuwa yake.

"Hiki kimelala hapa tangu jana," akatangaza baada ya kukirudisha. "Mtashangaa kitakavyong'ang'ania." Akaanza kuzungusha. Hata hajafika mbali, kipande kikaachia, kikaserereka, kikamdondokea kwenye kiatu. Akacheka. Akakiokota, akakiweka tena, akazungusha. Kikaserereka. Mara ya tatu hakucheka, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamuuliza kwa upole, "Kwani tatizo ni nini?"

Naye, aliyepigiwa makofi na ukumbi mzima kwa ugunduzi huohuo, akasema, "Vumbi." Akanigeukia. "Shemeji, hukufuta?"

"Nilifuta," nikasema. "Wewe umekinyanyua."

Nikawaeleza yote, taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Yule mama akavaa miwani yake, akamtazama shemeji, kisha akanitazama mimi. "Wewe uliyajuaje haya?"

"Kwa kusafisha vifaa," nikajibu.

Mnaniuliza kama nilimwonea huruma? Hata chembe. Nilimwona akitafuta mahali pa kuiweka mikono yake, nikashiba.

Maabara mpya nilipewa mimi. Yeye alibaki kwenye ile ya zamani, akifundisha wanaoanza, na tukikutana kwenye ngazi hujifanya anasoma simu. Dada hakunitembelea kwa miaka. Halafu asubuhi moja akaingia ofisini kwangu, amekonda, mkoba kaukumbatia.

"Shemeji yako hali wala halali," alisema. "Kuja mwenyewe anaona aibu. Msamehe, mdogo wangu. Wewe si umeshapata chako?"

Nampenda dada yangu, na kumwona vile kuliniuma. Alikuwa anazungumza huku mkono wake, ule mkono wa mtu asiyevumilia uchafu, ukitembea mezani kwangu ukipangusa vumbi, mpaka ukafika kwenye bamba langu la zamani na kipande kilicholala juu yake. Nikamshika kifundo cha mkono, polepole.

"Usikinyanyue, dada."

"Kwani kimekaa hapo tangu lini?"

"Tangu siku ile mumeo alipokinyanyua."

Akakitazama, akanitazama na mimi. Ombi lake hakulirudia. Aliuweka mkoba begani, nikamsindikiza mpaka mlangoni.