Sauti ya Dirisha la Tatu

Jumanne saa nne asubuhi, msomaji wa matangazo aliingia kabatini, akajifunika mablanketi ili kelele za barabarani zisipenye, akasoma mbele ya simu: "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu." Akatuma. Alipotaka kusema "haya, tuombe heri," mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Hicho kilikuwa kionjo cha kumi na nne, na sauti ilikuwa imekwisha.

Hana mwajiri huyu. Anaokoteza vibarua mtandaoni, na kila mteja, kabla hajasema lolote la maana, hutaka kwanza kionjo cha bure. Cha kupimia tu, dada, huandika. Sauti ikishatumwa hukaa kwa mteja mpaka ajibu, na wateja hawa, jamani, hawajibu. Kwa kionjo cha tatu alishindwa kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Kwa cha tisa ilibaki ya kuombea chumvi mezani. Mwenzake wa kazi hiyo hiyo alikuwa amebaki na mluzi, na alikuwa akiutunza.

Kilichomkosesha raha ni mama yake. Mama haoni, na sauti ya mwanawe ndiyo sura yake. Kila siku aliuliza, "Umepata kazi?" na kila siku alijibiwa, "Bado kidogo, mama." Sasa hata hilo halikuwezekana. Mama alinuna siku mbili, ya tatu wakakubaliana: kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Binti akawa hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anachungulia simu, huku nyuma sufuria inaungua.

Wiki iliyofuata alimpeleka mama kupima presha. Walipoketi tu kwenye benchi, kipaza sauti cha zahanati kikasema, kwa sauti ya binti mwenyewe, ile nzima ya zamani: "Namba ishirini na nane, dirisha la kwanza."

Alikwenda mapokezi akaandika kwenye karatasi: Sauti hiyo ni yangu.

Karani alisoma, akamtazama mdomo. "Ni yako, naona. Lakini hatujaajiri mtu, dada. Kile ni kionjo, na bado tunaonja. Tukimaliza tutakujulisha."

Akamrudishia karatasi, maana ilikuwa bado safi upande wa pili.

Aliporudi, mama alikuwa amekaa wima, amejitengeneza mtandio. "Huyo ni mwanangu," alikuwa akimwambia jirani wa benchi. "Anaita watu humu."

"Anasema vizuri," jirani akasema.

"Tangu mdogo. Na mimi nilikuwa namwona mzembe, Mungu anisamehe."

Kipaza sauti kikaita: "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu."

Ilikuwa namba yao. "Naam, mwanangu," mama akajibu, lakini hakuinuka. "Ngoja aniite tena."

Akapapasa, akaupata mkono wa binti yake, akaushika kwa mikono miwili. "Kumbe ulipata, nawe kimya. Ndiyo wamekuajiri kweli?"

Simu ilitetemeka mfukoni. Mteja mpya alikuwa anaomba kionjo cha kicheko, sekunde kumi tu.

Binti akaubana mkono wa mama yake mara moja.