Nkirote Mara Kumi na Mbili

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 13 Januari 1998, mlima ulikuwa wazi. Jambo hilo lilikuwa halijatokea Chogoria kwa siku tisa. Mvua za El Niño zilikuwa zimevificha vilele tangu kabla ya mwaka mpya, zikang'oa na daraja moja kwenye barabara ya kwenda Embu. Magari sasa yaliishia kingo zote mbili za mto, na abiria wakavuka kwa miguu juu ya mbao.

Kagwiria aliingia katika nyumba ya wageni ya Gatobu mbio, kamera begani, stendi ya miguu mitatu kwapani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, amesomea upigaji picha katika chuo cha ufundi, na alikuwa na studio ndogo pale sokoni. Hakuwa mtu wa kukimbia. Asubuhi hiyo alikimbia tangu sokoni hadi mlangoni.

"Umeuona?" Gatobu alimwuliza. Mzee alikuwa amesimama dirishani, kikombe kimepoa mkononi.

"Nimeuona. Wingu hupanda saa tatu. Fungua ule mlango wa mashariki, Mzee, jua liingie. Nataka mwanga wa ndani ukaribiane na wa nje."

Nyumba hiyo ilikuwa ya wapanda mlima, na haikuwa imelaza mgeni tangu Oktoba. Shule moja ya jirani ilitaka kuikodi iwe bweni. Gatobu alikuwa ameahidi kuwapa jibu Ijumaa: kama kufikia siku hiyo hakuna wageni walioahidi kuja, Jumamosi angekabidhi funguo. Hapo Nkirote, aliyepika katika nyumba hiyo miaka kumi na tisa, angefunga jiko lake na kwenda nyumbani.

Lilibaki tumaini moja. Kampuni moja ya Nyeri ilikuwa na kundi la wapandaji na ilitafuta pa kuwalaza upande wa Chogoria. Meneja wake, Anita, alikuwa na sharti ambalo hakuwahi kulivunja: hampeleki mgeni katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hajasimama ndani yake. Na mguu wa Anita ulikuwa kwenye plasta. Kwenye zile mbao za mtoni asingevuka.

"Basi nitakuletea nyumba," Kagwiria alimwambia kwa simu.

Anita alicheka sana. "Haya, ilete. Lakini picha za kitanda na maua niko nazo droo nzima. Usiniletee hizo."

Kagwiria hakuwa na nia ya kupeleka hizo. Alikuwa amelifikiria jambo hili kwa miezi. Picha moja humwonyesha mtu kile alichochagua mpiga picha. Mgeni hutaka kugeuza shingo aone alichofichwa. Kwa hiyo angesimamisha kamera katikati ya sebule, kwa urefu wa macho ya mtu, na kupiga picha kumi na mbili akiizungusha nyuzi thelathini kila mara, hadi irudi ilipoanzia. Lenzi yake iliona karibu nyuzi arobaini, kwa hiyo kila picha ingeingia kidogo ndani ya mwenzake. Zikiunganishwa katika duara, mtu akiingiza kichwa katikati, angekuwa amesimama sebuleni kwa Gatobu.

"Filamu nimenunua mimi," Gatobu alisema akimtazama akipima. "Isipotee hata moja."

"Haitapotea, Mzee. Watu wote wakae nyuma ya kamera. Tata, umesikia?"

Tata ni shangazi, na ndivyo alivyomwita Nkirote tangu utotoni.

"Nimesikia," Nkirote alijibu kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amevaa sweta yake ya kanisani.

Kagwiria alianza. Jicho lake lilikuwa kwenye kisahani cha nyuzi chini ya kamera, kwenye saa ya mkononi, na kwenye ukingo wa wingu kule nje. Hakuchungulia kwenye kioo cha kamera. Alikuwa amekwisha kupima, na aliamini vipimo kuliko jicho. Kila alipozungusha, alisikia viatu vya Nkirote vikikimbia sakafuni, akaridhika kwamba mama yule alikuwa akimpisha. Thelathini. Sitini. Tisini. Alipomaliza duru alirudia nyingine kwa tahadhari, picha kumi na mbili nyingine, na viatu vikakimbia tena. Saa mbili na dakika ishirini filamu iliisha. Saa tatu kasoro robo wingu lilikula kilele.

"Tumeupata!" alisema, na Gatobu akampiga bega kwa furaha hadi kamera ikayumba.

Jumatano alivuka mto kwa mbao, filamu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, na jioni akafika Nyeri. Alhamisi saa nne asubuhi fundi wa kuosha picha za rangi, Gicheru, alimwekea bahasha juu ya kaunta. Tayari alikuwa amecheka hadi machozi yakamtoka.

"Hii nyumba iko na wapishi wangapi?" aliuliza. "Na wote ni mapacha?"

Kagwiria alizipanga picha kwa mfuatano. Katika ya kwanza Nkirote alisimama katikati, wima, akishika birika. Katika ya pili alisimama katikati akishika taa ya chemli. Katika ya tatu, chupa ya maji ya moto ya kulala nayo. Picha kumi na mbili, Nkirote kumi na wawili, kila mmoja na kitu chake, kila mmoja akimkazia macho mtazamaji kama anayeapishwa. Katika ya saba alikuwa dirishani, na kichwa chake kilikuwa pale pale ambapo kilele cha mlima kilipaswa kuonekana.

Aliomba simu ya Gicheru, akapiga Chogoria.

"Tata, si nilisema watu wakae nyuma ya kamera?"

"Ulisema. Na Mzee akasema filamu isipotee." Sauti ya Nkirote haikuwa na dalili ya kosa. "Wewe ulikuwa unapiga ukuta, mwanangu. Ukuta mtupu! Nani atanunua picha haina mtu? Nikasema nikusaidie."

"Mara ishirini na nne?"

"Nilichoka kweli. Mara ya mwisho pale dirishani nilikaa."

Kagwiria alitoa picha za duru ya pili. Nkirote alikuwamo humo pia, na birika, na taa, na vitu vingine. Kurudia hakukuwezekana: Chogoria ilikuwa safari ya siku nzima, mlima huenda ulikuwa umefungwa tena, na Anita alitakiwa kuwapelekea wapandaji jina la nyumba kwa faksi kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo hiyo. Kukata pia hakukusaidia, maana Nkirote alisimama katikati kabisa ya kila picha, kana kwamba naye alikuwa amepima nyuzi. Lakini katika picha ya saba ya duru ya pili alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha dirisha, kando, akinyoosha kidole. Juu ya kidole ulikuwa mlima mzima, wa buluu, theluji ikiwaka kwa jua la asubuhi.

Alichukua duru ya pili.

Kwa fundi wa baiskeli alipata rimu ya baiskeli ya mtoto, yenye kipenyo cha sentimita arobaini na mbili. Ndicho kipimo alichokuwa amekipigia hesabu kwenye daftari wiki mbili nyuma. Kila picha, yenye upana wa sentimita kumi na tano, aliikata ikabaki kumi na moja. Akazibandika kwenye ukanda wa kadibodi ndani ya rimu, moja baada ya nyingine. Ya kumi na mbili ilipokutana na ya kwanza, ufa wa ukuta ulioanzia katika moja uliendelea katika nyingine bila kuruka hata milimita. Aliingiza kichwa, na Gicheru akamsikia akisema, "Eee!" kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Saa tisa na dakika kumi alikuwa ofisini kwa Anita. Mama huyo wa miaka hamsini alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, mguu wa plasta juu ya stuli. Pembeni alisimama mshirika wake Kingori, mikono mfukoni.

"Ati hiyo ndiyo nyumba?" Kingori aliuliza. "Mimi naona gurudumu."

"Shika upande huo, Mzee, uinue," Kagwiria alimwambia. "Mimi nashika huu. Madam, tulia hivyo hivyo."

Waliishusha rimu hadi macho ya Anita yakawa usawa wa picha. Kisha mguu wake mzima ulisukuma sakafu, na kiti kikaanza kuzunguka polepole.

"Huyu mama ananikaribisha chai," alisema. Kiti kikasogea. "Sasa yuko karibu na moto, ananionyesha viatu vimewekwa vikauke. Kingori! Wako na mahali pa kukaushia viatu! Wageni wetu wa Oktoba walilalamika nini?"

"Viatu," Kingori alikiri.

"Sasa amefungua kabati, blanketi ni..." Alihesabu kwa midomo. "Kumi na nne. Sasa ako na ndoo, mvuke unatoka. Huo mlango nyuma yake ni bafu?"

"Jikoni," Kagwiria alijibu. "Bafu ni mlango wa kushoto kwako. Hatua sita kutoka ulipo."

Anita akageuka kushoto. "Eee, huu hapa. Amesimama nao na taulo." Alicheka peke yake ndani ya duara. "Nani alimwambia afanye hivi?"

Kagwiria angeweza kusema ni yeye. "Hakuna. Ni kosa," alisema. "Nilimwambia akae nyuma ya kamera."

"Wacha. Mimi nimeona vyumba vitupu hata vimenichosha. Kitupu hakinionyeshi nani ataniletea maji." Kiti kilisogea tena, kikasimama. "Na huu mlima. Unaonekana hivi kutoka kwa kiti?"

"Kutoka kwa kiti. Jumanne, saa mbili na dakika kumi na tano. Saa tatu kasoro robo ulikuwa umefungwa. Wageni waambiwe waamke mapema."

"Mikono imechoka," Kingori alisema. "Nami nataka kuingia."

"Ngoja!" Anita alizunguka duara zima tena, haraka sasa, akipita birika, taa, viatu, blanketi, ndoo, taulo, mlima. Kisha akatoa mkono nje ya rimu, akapapasa mezani hadi akapata simu. "Nipe namba ya Chogoria."

Gatobu alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Mzee, hapa ni Anita wa Nyeri. Niko sebuleni kwako." Alisikiliza. "Hapana, sijavuka mto. Niko sebuleni. Hiyo saa yako ya ukutani imesimama saa kumi na moja na nusu, si ni kweli?"

Kwenye waya zilisikika hatua za mzee akienda kutazama, kisha akirudi. Jibu lake lilikuwa la sauti kubwa, na Kingori alilisikia kutoka alikosimama na rimu.

"Itengenezwe," Anita alisema. "Na umwambie huyo mama apike kwa watu tisa, Jumamosi tarehe ishirini na nne. Nitatuma barua."

Saa kumi kasoro dakika tano, faksi yenye jina la nyumba ya Gatobu ilitoka ofisini. Saa kumi kamili Kingori aliketi kwenye kile kiti, na Anita, akiegemea meza, akashika upande mmoja wa rimu.