Guka Hulala Kifudifudi

Siku mashine mpya ya gemu ilipofika Gatitu, Kingori aliibeba kutoka barabarani kama mtu aliyebeba keki ya harusi, mikono mbele, pumzi ameizuia, dada yake Wachuka akitangulia kumwonyesha penye matope. Kibanda chao cha gemu kilikuwa kimejaa tangu saa nane mchana. Hata Gikonyo, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa ameacha mteja na kichwa nusu, na mteja naye akamfuata na shuka la kinyozi shingoni, hataki kupitwa.

"Nyeupe hivi, na iko na kola," Gikonyo akasema. "Hii ni bibi harusi."

Kando ya hiyo mpya, mezani, ilikuwa ile ya zamani, nyeusi, kona moja imebandikwa plasta ya kidonda. Waliiita Guka, yaani babu, na kama babu ilikuwa na masharti yake. Haikusoma CD mpaka ilazwe kifudifudi, na ikishalazwa ilinguruma kama mashine ya kusaga unga. Wachuka ndiye aliyeijua. Miaka sita yeye ndiye aliyeipindua, akaipangusa, akaitegea sikio ajue kama CD itashika au itakataa. Kucheza alicheza asubuhi akishafagia, peke yake, kabla wateja hawajafika.

Na leo Guka ilikuwa inaondoka. Kingori alikuwa amekubaliana na Abdikadir, muuzaji wa redio kutoka Nanyuki, wabadilishane: Guka kwa spika mbili. Abdikadir alishafika. Alikuwa kwenye benchi, spika miguuni, chai mkononi.

Kingori akawasha ile mpya. Kimya.

"Imekufa," akasema mteja wa kichwa nusu.

"Haijakufa. Hivi ndivyo iko, haina kelele."

Mara kioo cha TV kikawa cheusi. "Pindua!" kibanda kizima kikasema kwa mdomo mmoja, na Kingori, kwa mazoea ya miaka sita, akaishika bibi harusi akaipindua miguu juu. Uwanja wa mpira ukatokea, wakapiga makofi. Wachuka peke yake ndiye aliyeona taa ya mashine ikibadilika rangi, ikiwaka yenyewe kabla haijaguswa. Alikuwa anacheka mpaka mbavu zinauma.

Lakini jamani, ule uwanja. Nyasi ungedhani ng'ombe atakuja kula. Jasho lilionekana likishuka shingoni. Kwa Guka wachezaji wote walikuwa na uso mmoja kama watoto wa tumbo moja, na mashabiki walisimama kama mahindi shambani. Hawa wa sasa walikuwa wanapiga miayo.

Kawaida ya kibanda ni kwamba mshindi haachi kiti. Kingori alimfunga Gikonyo, akamfunga mteja wa kichwa nusu, akakaa kama chifu.

"Nani mwingine? Ama nicheze na mkono moja?"

"Mimi," Wachuka akasema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Nikikushinda, Guka haiendi."

Kingori akacheka mpaka akafuta macho. "Abdi, umesikia? Akinishinda, rudi na spika zako."

"Mimi niko na haraka gani?" Abdikadir akasema. "Na chai haijaisha."

Wachuka akashika pedi ya kuchezea, mpira ukapigwa, pedi ikamtetemekea mikononi nusura airushe.

"Ati inafanya nini hii kitu?"

"Inakuogopa," Gikonyo akamwambia.

Vidole vyake vilikwenda palepale pa zamani. Kwa Guka, ukipiga kutoka kona ya kulia mpira unaingia tu, kila siku. Hapa kipa aliudaka, akamwangalia. Basi Wachuka akaacha mambo ya kufunga. Akarudisha watu wake wote golini, wakajaa pale kama foleni ya maziwa, na Kingori akapiga, akapiga, akagonga miguu ya watu mpaka dakika zikaisha sufuri kwa sufuri.

Ikawa penalti. Kila mtu akatazama TV. Wachuka akatazama mdomo wa kaka yake.

Tangu utoto, Kingori akitaka kubonyeza, ulimi humtoka. Akipiga kushoto, unatokea kushoto. Akipiga kulia, kulia. Yeye mwenyewe hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Ulimi kulia. Kipa wa Wachuka akaruka kulia, akadaka. Ulimi kushoto. Akadaka.

"Huyu ni mchawi," akasema mteja wa kichwa nusu.

Za Wachuka, mbili zilipaa kwa mashabiki, ya tatu ikaingia ikigonga mwamba. Kingori akamaliza zake zote tano bila kufunga hata moja. Shuka la kinyozi likarushwa hewani na nywele zake zote, zikawashukia watu, na hakuna aliyejali. Abdikadir akamwaga chai akicheka, akafunga spika zake.

"Dada, kaa na babu yako."

"Hii mpya bado sijaizoea," Kingori akasema, masikio yamemwiva. "Njoo kwa Guka, hapo ndipo utanijua."

Wachuka akailaza Guka kifudifudi, akaitegea sikio. Ikakohoa, ikanguruma. Akampa kaka yake pedi, akakaa karibu naye, na kabla CD haijashika vizuri, ulimi ulikuwa tayari nje, upande wa kushoto.