Bati Zake, Matofali Yangu

Makarius aliamua tugawane nyumba kwa haki. Haki yake ilikuwa hivi: bati alinunua yeye, matofali nilifyatua mimi, basi kila mtu achukue chake aende zake.

Sasa nikueleze hayo matofali. Ni mabichi. Kufyatua nilifundishwa na baba yangu Anicet kule Katumba, tulikokulia sisi watoto wa waliotoka Burundi, na ukuta wangu haujawahi kupinda. Ila hatukuyachoma, na kila mwaka tulisema tutapiga lipu, kila mwaka pesa ikapata kazi nyingine. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Na huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yameshakaa juu ya mtaa wetu wa Nsemulwa. Makarius akiondoka na bati zake, mimi nabaki na tope.

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka minane bila ndoa. Kanisani hatukwenda, mahari haikufika Katumba, na mtoto hatukujaliwa. Kisha akapata mwanamke mwingine kule Kashaulili, mwenye duka la vitenge. Hilo nililia nikalimaliza. Mume sikumtaka tena, nyumba niliitaka. Mwenyekiti wa mtaa aliniambia niende mahakamani, kwamba walioishi kama sisi nao husikilizwa. Nilimshukuru, lakini kesi ina tarehe zake na mvua ina zake.

Nikampigia simu mama yake, Katarina, mjane wa Kasansa. Sikumwomba kitu, nilitaka kumuaga tu, maana tulipendana. Nilikuwa namwita mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kirundi, naye aliitika tangu siku ya kwanza. Nikamweleza yote. Akasema, "Haya," akakata simu. Niliumia sana. Nikajisemea, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, atamwacha vipi wake?

Kesho yake Makarius akapanda juu na nyundo. Alishang'oa bati tatu za sebuleni nilipomwona mama yake anaingia uani na kikapu kichwani. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani, akavuta kigoda, akakaa chini ya bati ya nne.

"Mama, toka humo, vumbi litakuangukia!"

"Wewe fanya kazi yako, mwanangu. Mimi nimekaa."

Kumwezulia mama yako paa naye yuko chini yake! Hata mlevi hathubutu. Makarius akahamia upande wa chumbani. Tukasikia kigoda kinakwaruza sakafu. Mama naye kahamia chumbani. Akaenda upande wa stoo, kigoda kikamfuata. Majirani na mwenyekiti walishajaa uani, na Josephina wa nyumba ya pili alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, huku machozi yananitoka.

"Mama, huyu si mke wangu!" Makarius akapiga kelele huko juu. "Sijamtolea mahari hata mbuzi mmoja!"

"Baba yako alipofariki, tulimnyoa nani?" mama akauliza kutoka ndani.

Makarius akajifanya anatafuta msumari.

"Nakuuliza wewe. Tulinyoa wanangu, tukanyoa wakwe zangu. Huyu alikaa mkeka mmoja na wakwe, nikamnyoa kwa mkono wangu huu. Kwetu mgeni ananyolewa? Mahari hukutoa, hiyo ni aibu yako, usimbebeshe yeye. Na hizo bati ndiyo nyumba yenyewe, hata kuku wanajua. Chukua pikipiki, chukua kitanda, chukua na redio. Paa liache."

Makarius akazitazama bati alizozing'oa. Kisha akasema bila kunitazama, "Goreth, nipe misumari."

Nikampa. Akazirudisha zile bati tatu, na kusema kweli alizipigilia vizuri kuliko mwanzo. Namshukuru kwa hilo; mtu hawi mbaya mwili mzima. Akashuka, akatamka mbele ya mwenyekiti na majirani kwamba nyumba ni yangu, kisha akafunga kitanda kwenye mkokoteni. Kitanda chenyewe kilikuwa kinalia kila ukigeuka, aende nacho salama.

Mama akatoka kumsindikiza mwanawe hadi barabarani. Walisema nini sijui. Niliona tu amemshika mkono, maana bado ni mwanawe. Mvua ikaanza wakati nafagia kutu na vumbi sebuleni, nikasimama kusikiliza inavyopiga juu ya bati, na ndani pakavu. Nikasema asante Mungu, kwa sauti, peke yangu.

Ndipo nikasikia, "Hodi!"

Nilidhani ni Josephina. Nikafungua, kumbe ni mabukwe, amesimama nje na kitenge kichwani, maji yanamchuruzika mabegani. Miaka minane mama huyu hakuwahi kupiga hodi pale. Alikuwa anaingia kama mama anavyoingia kwa mwanawe, moja kwa moja hadi kwenye masufuria.

"Hodi hapa kwa Goreth," akasema tena. "Basi la Kasansa limeshaondoka. Naomba pa kulala."

Nililia kwa shukrani hadi nikashika fremu ya mlango.

"Mwanangu, nanyeshewa," akasema. "Unanikaribisha au hunikaribishi?"

"Karibu kwangu, mabukwe," nikasema, na akaingia.