Chanzo Namba Tano

Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kurudishiwa karatasi. Jumatano nilirudishiwa. Bwana Oketch wa ofisi ya ardhi alilisukuma pingamizi letu juu ya meza, kwa adabu kabisa, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

“Mama, hii moja kwenye mabano inaenda wapi?”

Nikainama kuangalia. Baada ya moja kulikuwa na mbili, kisha tatu, mpaka tisa. Namba zote zimo ndani ya mabano yake, na chini ya ukurasa hakuna kitu.

“Hivyo ni vyanzo,” nikasema.

“Ndiyo, lakini viko wapi?”

Woi! Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Niliiuliza AI kwenye simu, ikanijibu vizuri, nikanakili jibu, nikajitumia kwa WhatsApp, nikalibandika kwenye kompyuta. Namba zilikuja. Anwani zilizokuwa nyuma ya namba zilibaki kwenye simu, na mazungumzo yenyewe nilishayafuta kwa sababu simu yangu hujaa picha za harusi na matanga ya watu wa ukoo mpaka inagoma.

“Jina la waraka, mwandishi, tarehe na anwani,” Oketch akasema. “Kwa kila namba. Ijumaa kabla ya saa sita mchana, halafu jalada linafungwa. Pole, Mama.”

Hakunikosea. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, tena bila pole.

Wacha nieleze kilichokuwa kwenye jalada hilo. Nyuma ya nyumba zetu, dakika kumi kwa miguu kutoka Soko la Burma, kuna kiwanja. Juu yake kuna chumba cha mabati, bembea mbili na watoto thelathini na wanne. Ni nasari ya Mwalimu Phelister, ameiendesha tangu mwaka wa elfu mbili na tatu. Mwaka huu mtu fulani, ambaye hata sura hatuijui, amejitokeza na karatasi inayosema kiwanja ni chake. Pingamizi letu likianguka, nasari inabomolewa mwisho wa mwezi. Na katibu wa kamati ya wapangaji, wa kuandika pingamizi hilo, ni mimi. Nilikubali cheo hicho kwa sababu nimestaafu, na watu wanadhani mtu akistaafu hachoki.

Alhamisi asubuhi nikakaa mezani na miwani yangu. Nikauliza swali lile lile, neno kwa neno. Jibu likaja jingine! Juzi vyanzo vilikuwa tisa, leo sita. Nikauliza tena, vikawa saba, na mpangilio si ule. Nikatamani kuitupa simu dirishani. Lakini ningeitupa halafu ningeenda kuiokota mwenyewe, na magoti haya hayataki ngazi.

Basi nikaanza upya, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Bonyeza namba, ngoja ukurasa ufunguke, usome uone kama kweli unasema kilichosemwa. Nakili anwani, andika jina, andika tarehe, hifadhi kwenye waraka kabla hujagusa namba nyingine. Kimoja kimoja, kama kuchambua mchele. Chanzo cha kwanza ukurasa haupo. Cha pili kipo, lakini kinazungumzia Mombasa, si huku kwetu. Cha tatu ni sheria, sawa. Cha nne sheria pia, sawa. Kufikia hapo ilikuwa saa nane mchana, chai imepoa, moshi wa nyama kutoka sokoni umeingia mpaka kwenye mapazia, na mgongo unaniuma.

Kisha namba tano.

Huu ndio mstari uliotuamsha wote: “Kwa mujibu wa kumbukumbu za eneo hilo, kiwanja kilitengwa kwa ajili ya watoto mwaka 1968.” Majibu yalibadilika, vyanzo vikapanda na kushuka, lakini mstari huo ulirudi kila mara. Niliusoma kwa sauti kwenye mkutano wa kamati, watu wakapiga makofi, na Phelister akalia. Sheria zile nyingine zinasema mambo ya ardhi ya Kenya nzima. Huu peke yake ndio uliotaja kiwanja chetu. Bila huo hatuna kitu.

Nikabonyeza.

Ukafunguka ukurasa wa kanisa letu, na juu yake picha ya baba yangu amevaa koti lake la kijivu. Wasifu wa Marehemu Mzee Muthama, Agosti 2017. Nilitazama nukta na nafasi mbili baada ya kila nukta, vile tulivyofundishwa chuo cha upigaji chapa. Katika mtaa huu anayeandika hivyo ni mmoja tu.



Baba alikuwa dereva wa lori la baraza la jiji. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Alikuwa mtu mwema sana, asiye na mambo mengi. Usiku ule wa matanga nilipokaa kuandika, maisha yake hayakujaza hata nusu ukurasa, na nilimwonea uchungu baba yangu. Majirani walikuwa wameandikiwa marehemu wao kurasa mbili mbili. Nikaongeza kwamba mwaka 1968 alisimama mbele ya wakubwa wa baraza akakipigania kiwanja, kikatengwa kwa ajili ya watoto. Alichofanya kweli ni kumwaga changarawe pale siku moja, nami nilikuwa nimekaa kando yake kwenye lori, mtoto mdogo. Mchungaji alisoma, watu wakatikisa vichwa. Nani atasimama kaburini kupinga wasifu wa marehemu? Halafu kanisa likaweka kila kitu mtandaoni, na AI ikayaokota maneno yangu, ikayaita kumbukumbu za eneo.

Na mimi nikaenda kuiuliza, ikanirudishia uongo wangu, nikashangilia.

Saa tisa Phelister akabisha, akaingia na chupa ya uji uliobaki wa watoto. Ni mwanamke mpana, mpole, wa upande wa Vihiga, na hajawahi kukanyaga kwangu mikono mitupu.

“Mama Mutie, umekula lakini? Tumefika namba ngapi?”

“Tano, Mwalimu.”

“Ile yetu!” Akavuta kiti. “Hiyo ukishaiweka, hata zingine zikikosa ni sawa.”

Nikamgeuzia simu. Akasoma polepole, midomo ikicheza, akatabasamu alipoona picha.

“Mzee mwenyewe. Si ni vizuri?”

“Mwalimu, hayo niliyaandika mimi.”

“Najua. Nilikuwepo mazishini.”

“Niliyaandika, lakini hayakutokea. Niliyatunga. Baba hakupigania kitu.”

Aliinua macho akanitazama, akarudi kwenye simu, akanitazama tena. Nilitaka anitukane. Ningeweza kujibu matusi.

“Mwaka juzi,” akasema, “kanisa moja la Kayole liliniita nihamishie nasari kwao. Vyumba viwili vya mawe, choo cha watoto, geti. Nilikuja hapa nikakaa kiti hiki hiki, nikakuuliza niende au nisiende. Unakumbuka uliniambia nini?”

Nilikumbuka. Nilimwambia, Mwalimu, utaachaje kiwanja ambacho baba yangu alikipigania? Nilikuwa nimeshausema uongo ule mara nyingi hata nikasahau kuwa ni uongo.

“Wakampa mwingine,” akasema.

Nikamwambia samahani. Neno lenyewe lilinitoka dogo sana, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu nilikuwa nimemdunga mwenzangu.

“Kwani ukiuacha mstari huo?” akauliza, bila kunitazama. “Ukurasa upo. Tarehe ipo. Anwani inafunguka.”

“Wanataka jina la mwandishi.”

“Weka.”

Nikaandika, Nzembi Muthama. Nikateremsha waraka mpaka mwisho, akaona jina la anayewasilisha pingamizi kwa niaba ya wapangaji. Nzembi Muthama. Tukakaa tukiyatazama majina yale mawili.

“Oketch ataona,” akasema.

“Hata asipoona, Mwalimu. Siwezi.”

“Ulikuwa unaweza.”

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta na mstari ukaenda herufi moja moja, kuanzia mwisho, mpaka ukaisha. Kwenye waraka zikabaki zile sheria mbili, na vyanzo vyake vimeandikwa vizuri kabisa.

Phelister akamimina uji kwenye kikombe changu, akausogeza karibu na mkono wangu. Kisha akatoa simu yake, akafungua orodha ya namba za wazazi, akapiga ya kwanza.

“Mama Batulo, habari ya mchana? Ndiyo, mtoto ni mzima. Nilikuwa nataka nikuulize, huko kwenu Kiamaiko kuna nasari yenye nafasi?”

Alipomaliza akapiga ya pili. Walikuwa thelathini na wanne, na alitaka niwe nimekaa pale nisikie wote.