Tanuri la Kokuhirwa

Ndyamukama alifungua duka lake Buganguzi, Muleba, mwaka uleule wa Uhuru, na kwa muda mrefu hakuona sababu ya kuwaza kitu kingine. Msimu wa kahawa ulipofika, watu waliuza kahawa yao katika chama cha ushirika, kisha wakapita kwake kununua chumvi, mafuta ya taa, sabuni na kanga za sikukuu. Alikuwa mcheshi, na mizani yake haikumpunja mtu.

Mkewe, Kokuhirwa, ndiye aliyeanza kuingiwa na wasiwasi. Tangu Azimio la Arusha alikuwa akiisikiliza redio kwa makini. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kupangwa, alimwuliza mumewe wakiwa shambani wanapalilia migomba:

"Baba Protase, kijiji kikifungua duka lake, sisi tutauza nini?"

"Hawa ni wateja wangu tangu Uhuru. Watanikimbia waende wapi?"

"Sisemi watakukimbia. Nasema huenda tukaambiwa tufunge."

Ndyamukama alicheka. Hata hivyo, hakumzuia alipoomba kwenda Bukoba kwa rafiki yake Alistidia, aliyekuwa mpishi wa mapadri, akajifunze kuoka mikate. Alistidia hakumficha kitu. Alimwonyesha namna ya kuumua unga, na namna ya kupima joto la tanuri kwa kunyunyiza unga kidogo ndani na kutazama unavyobadilika rangi.

Aliporudi walijenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Ndyamukama alibeba matofali huku akinung'unika.

"Sisi Wahaya tunakula ebitoke, ndizi zetu za kupika. Mkate ni wa wagonjwa na mapadri."

Lakini watu walinunua. Walianza walimu, wakafuata abiria wa mabasi ya Bukoba, kisha kila mwenye sherehe ya kipaimara. Mikate ikapangwa dukani karibu na sabuni, na Ndyamukama akaacha kunung'unika.

Mwaka 1976 ikaja amri kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe na kila kijiji kiwe na duka lake. Ndyamukama alifunga mlango, akakaa barazani akitazama barabara. Alishinda hivyo siku kadhaa, bila kula vizuri. Kokuhirwa hakumkumbusha maneno ya shambani. Asubuhi moja alimletea shoka.

"Kuni zimepungua," alisema. "Peke yangu sitaweza."

Ndyamukama aliinuka. Baada ya kupasua kuni alinawa, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kumwona Rugambwa, msimamizi wa duka jipya la kijiji.

"Mke wangu anaoka mikate," alimwambia. "Iuze hapa dukani kwako."

Rugambwa, ambaye rafu zake zilikuwa nusu tupu, alimshika mkono kwa furaha. "Ilete hata kesho, mzee wangu."

Hivyo watoto wao waliendelea na shule, na hapakuwa na siku waliyolala na njaa. Ndyamukama alimshukuru Mungu kanisani kila Jumapili, lakini yeye mwenyewe alikuwa bado hajamshukuru mkewe.

Kokuhirwa naye hakutulia. Unga wa ngano ulitoka mbali na ulianza kuadimika.

"Ukikosekana kabisa?" aliuliza.

Safari hii Ndyamukama hakucheka. Alichukua jembe akapanda muhogo katika kipande cha shamba walichokuwa wamekiacha kiote majani. Kokuhirwa akaanza kujaribu kabalagala, zile keki za ndizi mbivu na unga wa muhogo ambazo kila mama alijua kuzikaanga. Yeye alitaka kuzioka, kwa sababu mafuta ya kula nayo yalikuwa shida. Za kwanza zilitoka ngumu, hata mbwa alizinusa akaenda zake. Aliongeza ndizi, akapunguza moto, akajaribu tena na tena mpaka zikalainika.

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978, unga wa ngano ulitoweka. Watu waliokimbia kutoka kaskazini mwa mto, ambako adui alikuwa amevamia, walipita Muleba na mizigo vichwani. Tanuri la Kokuhirwa halikuzimika. Wenye fedha walinunua, na waliochoka njiani walipewa bure. Akina mama wa kijiji, Wakatoliki na Walutheri, walileta ndizi zao na kusaidia kumenya.

Amani iliporudi, walifanya misa ya shukrani kwa miaka yao ya ndoa, na Alistidia alialikwa kutoka Bukoba. Baada ya chakula Ndyamukama alisimama mbele ya wageni.

"Alistidia, ulimfundisha mke wangu bila choyo. Rugambwa, ulitupokea. Nawashukuru." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Protase, mimi nilikuwa naiona leo tu. Wewe ulitutazamia kesho. Wakola."

Alipolisema neno hilo la shukrani la kwao, Kokuhirwa aliinamisha uso, akapangusa macho kwa pembe ya kanga. Wageni walipiga vigelegele. Ndyamukama alipoketi, mkewe alimsogelea sikioni.

"Ahsante, mume wangu. Sasa kesho twende Hamugembe, kule Bukoba. Alistidia ameniambia kuna kiwanja cha kujenga tanuri jingine, na mjini watu wanaongezeka."

"Twende," alijibu Ndyamukama, akamshika mkono.